Mama Ameomba Uji

DIONISI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

AGNELLA: Kaka, mimi.

DIONISI: Mimi nani? Namba hii siifahamu.

AGNELLA: Agnella! Mdogo wako umemsahau sauti? Simu yangu imezima, umeme umekatika Ifakara nzima tangu asubuhi. Hii ya wifi Nyamizi, nayo chaji yake ya kuungaunga. Shikamoo.

DIONISI: Marahaba. Sema. Sema haraka, Agnella, kuna nini hospitali?

AGNELLA: Usitishike. Leo nakupigia kwa jambo la heri. Mama ameamka!

DIONISI: Ameamka vipi?

AGNELLA: Ameamka, amekaa kitandani, ameomba uji! Wa mchele, tena anasema usitiwe sukari kama unaenda harusini. Kile kikombe chake cha bati kakimaliza chote. Mtu tangu juzi anatapika mpaka nyongo, anaharisha, tunambadilisha kanga kila saa, leo anamtania mgonjwa wa kitanda cha jirani kwamba anakoroma kama mashine ya kukoboa.

(Kimya.)

AGNELLA: Haloo? Umekatika?

DIONISI: Nipo.

AGNELLA: Nilidhani mtandao. Huku mvua inapiga bati, sikusikii vizuri. Mbona hufurahi, kaka?

DIONISI: Nafurahi.

AGNELLA: Furaha gani hiyo ya kunong'ona. Basi sikiliza, ameanza: nataka kwenda nyumbani, nataka kwenda nyumbani. Beno kamwita Omega na bajaji yake, iko getini. Kilichobaki ni wewe. Nesi anasema akitoka bila ruhusa ya daktari lazima mtu wa familia aweke sahihi, na Beno anasema yeye mdogo, haweki sahihi ya mama mpaka kaka mkubwa aseme ndi—

DIONISI: Hapana.

AGNELLA: Hapana nini?

DIONISI: Mama asitoke.

AGNELLA: Kaka, umenisikia? Nimekwambia ameomba u—

DIONISI: Nimesikia uji. Asitoke. Mwambie Omega arudi na bajaji yake Mlabani, atafute abiria wengine.

AGNELLA: Aa, sasa wewe! Uko huko kisiwani kwako, mama tunamuona sisi. Wodi imejaa, hapo alipo halali. Anataka kitanda chake Katindiuka, anataka kuona kuku zake. Ni dhambi?

DIONISI: Siyo dhambi.

AGNELLA: Si wewe mwenyewe ulituambia, ule msiba wenu? Wa yule kobe wa baharini, sijui mnamwita—

DIONISI: Ng'amba.

AGNELLA: Huyo huyo. Ulituambia wale waliokula nyama yake, aliyelala usingizi hakuamka, aliyeamka akapona. Ulisema hivyo, hukusema?

DIONISI: Nilisema.

AGNELLA: Haya, mama kaamka!

DIONISI: Ng'amba siyo uyoga aliokula mama, Agnella.

AGNELLA: Sumu ni sumu. Mwingine kala nyama, mwingine kala mboga, tumbo linajua tofauti?

DIONISI: Uko wapi hapo? Mama anakusikia?

AGNELLA: Niko korido, mlangoni. Yuko na Beno ndani. Kwa nini?

DIONISI: Sogea mbali kidogo.

AGNELLA: Kaka, unanitisha.

DIONISI: Sogea tu. (Mvua.) Umesogea?

AGNELLA: Nimesogea.

DIONISI: Nimeongea na daktari asubuhi. Beno alimpa namba yangu. Ule uyoga, anasema, ndiyo tabia yake. Unamtapisha mtu, unamharisha, halafu unamwachia. Anakaa, anaomba chakula, anaomba kwenda kwake. Watu wanashangilia, wanambeba wanaondoka. Kumbe ndani haujaacha. Uko kwenye ini.

AGNELLA: Kwa hiyo uji... Huo uji, kaka? Huo uji wote nilioufurahia—

DIONISI: Usilie. Usilie, atasikia. Daktari hajasema kufa. Amesema kusubiri, wapo wanaovuka. Lakini wanavuka wakiwa pale pale na dripu yao, siyo Katindiuka na kuku.

AGNELLA: Nilishamwambia Nyamizi mama amepona! Yule mtoto hajala tangu juzi, amekaa kule mlangoni sakafuni kajifunika kanga. Nimemwambia inuka, mama amepona, Mungu mkubwa...

DIONISI: Usimwambie tofauti kwanza.

AGNELLA: Na Aurelia? Mwanao, yeye si alilala moja kwa moja? Ulituambia alilala tu.

DIONISI: Niliwaambia hivyo kwa ajili ya mama. Niliona mjukuu wake amekufia mbali, angalau ajue hakuhangaika.

AGNELLA: Kumbe?

DIONISI: Aliamka. Waliokula ng'amba walikuwa mtaa mzima, na wote walioamka walipona, kasoro yeye. Aliamka asubuhi, akaomba uji. Mama yake akaimba, jirani akakamata jogoo tuchinje. Jogoo hakuchinjwa.

AGNELLA: (Anavuta pumzi.) Pole, kaka. Miaka yote hiyo umekaa nalo.

DIONISI: Nimeshapoa. Ila mtu akiniambia mgonjwa ameomba uji, namkumbuka yule jogoo. Ndiyo maana sikufurahi.

AGNELLA: Na kinachoniuma, kaka, ni kwamba mama kaonja peke yake. Sisi wote tulikuwa tunangoja kesho yake.

DIONISI: Mnangoja nini?

AGNELLA: Kwani huijui sheria yake?

DIONISI: Sheria gani? Mimi nimeambiwa tu mama kala uyoga wa sumu, wengine hamkula. Nikashukuru, sikuuliza.

AGNELLA: Alianza ulipotuletea habari za Aurelia. Alikaa msibani hapa siku zote hasemi kitu, mwishoni akasimama akasema: kule kwa Dionisi mnyama asiyefugwa alipikwa, wakakaa wote wakala kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Kwangu haitakuwa hivyo. Kitu chochote kisichopandwa na mkono wa mtu, uyoga, mlenda wa porini, chochote, anaonja mmoja, wengine wanalala na njaa mpaka asubuhi. Na anayeonja ni aliyechuma.

DIONISI: Mama alisema hivyo?

AGNELLA: Tukamcheka. Tulikuwa tunamwita askari wa sufuria. Lakini tukafuata, nani abishane na mama? Mara zote anachuma yeye, anaonja yeye, kesho yake tunakula. Sasa safari hii aliyechuma ni Nyamizi.

DIONISI: Na Nyamizi ana mimba.

AGNELLA: Miezi ya mwisho hiyo. Alifurahi, maskini, kaenda mwenyewe nyuma ya mashamba ya mpunga kule kwenye vichuguu, kaja na beseni. Anasema wa kwao Maswa ni hivi hivi. Kapika na karanga. Alipotaka kuonja, mama akamzuia. Akasema mwenye mimba haonji, lete hapa mkwe wangu. Akala bakuli. Tukafunika sufuria. Alfajiri ndiyo namsikia mama huko nje ananiita.

DIONISI: Na sufuria?

AGNELLA: Beno aliichimbia shimo, akaifukia pamoja na mwiko. Ilikuwa imejaa, kaka. Ingetutosha wote. Mimi, Beno, Nyamizi na kilichomo tumboni, Nelly wangu. Sote.

DIONISI: Kwa hiyo ng'amba wa huku ndiye aliyewaokoa huko.

AGNELLA: Na ndiye aliyemponza mama. Nami sijui nimshukuru au nimlaani. Ngoja— ananiita. Beno anasema mama anataka kujua nimepotelea wapi na simu.

DIONISI: Usimwambie kitu. Futa uso kwanza.

AGNELLA: Nimefuta. Nampa?

DIONISI: Mpe. Hapana, subiri. Nitamwambia nini?

AGNELLA: Sijui, kaka. Wewe ndiye mwalimu. Nampa.

(Mkwaruzo. Mlango. Mtu anakohoa.)

MAMA: Haloo. Wewe.

DIONISI: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba baba. Umekula?

DIONISI: Nimekula. Wewe je?

MAMA: Nimekunywa uji wa Agnella. Bado hajui kupika uji, huyu mwanamke ana mtoto wa shule na uji wake una mabonge. Mke wako hajambo?

DIONISI: Hajambo, mama. Anakupa pole.

MAMA: Nimepoa. Haya, waambie waniachie niende. Bajaji inanyeshewa hapo nje.

DIONISI: Mama, kaa hapo kidogo. Nakuja. Nimeshaomba ruhusa shuleni.

MAMA: Unakuja kufanya nini? Si wanasema nimepona?

DIONISI: Nakuja kukuona tu.

MAMA: (Anacheka kidogo, anakohoa.) Dionisi. Huyo daktari wenu kakwambia uyoga unampumzisha mtu, siyo?

DIONISI: (Kimya.)

MAMA: Ulikuwa hivyo hivyo ukiwa mdogo. Ukivunja kitu unanyamaza, nami najua kimevunjika.

DIONISI: Nani kakwambia, mama?

MAMA: Aniambie nani? Mimi nachuma uyoga tangu nabebwa mgongoni. Bibi yako alikuwa anasema ule mweupe ukikupata, unakupa siku moja ya kwenda kumwagilia bustani yako, halafu unarudi kukuchukua. Sasa siku yenyewe ndiyo hii. Nikae nayo humu naangalia dari?

DIONISI: Usiseme hivyo. Daktari anasema wapo wanaovuka.

MAMA: Wapo. Sijakataa.

DIONISI: Lakini mama, kama unaujua mweupe, ulikulaje? Wewe! Mtu mwingine ningeelewa, lakini wewe?

MAMA: Punguza sauti, simu hii inapiga kelele. Agnella, hebu mpeleke Beno akaongee na Omega. Nendeni wote. Ndiyo, na wewe. (Mlango.) Wameondoka. Sikia. Aliukata.

DIONISI: Sijaelewa.

MAMA: Uyoga unang'olewa, baba, na mguu wake wote. Ule wa kichuguu una mzizi mrefu unashuka chini mpaka kwa mchwa. Wa kuua hauna mzizi huo, una kikombe chini, kama ganda la yai lililopasuka. Juu wanaweza kufanana ukachanganyikiwa hata wewe mwalimu. Chini ndiko kuna maneno. Sasa yeye kwao alifundishwa na mama yake akate kwa kisu, aache mguu ardhini ili mwakani uote tena. Ni roho nzuri tu. Kikombe kilibaki kule kwenye kichuguu, mimi nikaletewa kofia kwenye beseni.

DIONISI: Ungeumwaga.

MAMA: Mbele ya nani? Shangazi yako Paulina alikuwepo, na majirani wawili, wamekuja kuangalia mkwe wa Kisukuma anatupikia nini. Umesahau maneno yaliyosemwa Beno alipotaka kuoa? Ng'ombe wao wamekula mpunga wetu, leo binti yao anakuja kula nini. Na mimi nilisema, Dionisi. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Sasa mtoto wa watu kapika kwa furaha, namwaga sufuria yake mbele ya Paulina? Kesho yake angebeba mimba yake arudi Maswa.

DIONISI: Kwa hiyo ulijua.

MAMA: Sikujua. Nilitia shaka. Shaka siyo kujua. Nilikuwa nimeona mwingi uliofanana na huo, nikala, nikalala, nikaamka. Nikasema nitaonja, kama ni mbaya nitakuwa mimi, mtu mzima, siyo yule na tumbo lake.

DIONISI: Mama jamani. Mama...

MAMA: Usinililie kwenye simu ya watu, chaji itaisha. Ulikuwa mtamu, unajua? Nilitaka kuonja kijiko, nikajikuta nimemaliza bakuli. Ng'amba naye mtamu?

DIONISI: Wanasema mtamu sana. Mimi sikula, nilikuwa darasani.

MAMA: Na hana alama? Wala kikombe, wala nini?

DIONISI: Hana. Ng'amba ni yule yule, gamba lile lile. Mwaka huu wanamla hawadhuriki, mwaka kesho anaua mtaa. Wanasema ni kile alichokula yeye huko chini baharini, nani atajua alikula nini? Hata wazee waliozaliwa huku wanabahatisha. Na kupikwa hakusaidii.

MAMA: Basi uyoga una afadhali. Uyoga unakwambia, ila uukute na mguu wake. Kwa hiyo mke wako hana kosa.

DIONISI: Hana, mama. Hakuna ambaye angejua.

MAMA: Umemwambia hivyo? Kwa mdomo wako?

DIONISI: Anajua.

MAMA: Mwambie. Yeye ndiye aliyempakulia mtoto. Mwanamke halali na jambo kama hilo kama hajaambiwa. Na mjukuu wangu, aliomba uji?

DIONISI: Agnella kakwambia!

MAMA: Hajaniambia. Analia hapo korido "uji, uji", mimi siyo kiziwi. Aliomba?

DIONISI: Aliomba.

MAMA: Akanywa?

DIONISI: Akanywa. Akacheka, akataka na mwingine.

MAMA: Afadhali. Miaka yote hii nilikuwa nafikiria alikwenda na njaa.

(Mtandao unakwaruza.)

DIONISI: Mama, naomba kitu. Sijakuomba kitu siku nyingi. Usiende Katindiuka. Kaa na hiyo dripu. Kama kuna mlango umebaki hata wa kupenya kwa ubavu, uko hapo hospitali. Na kama haupo... nikukute. Aurelia sikumuaga, nilikuwa uani namshikia jirani jogoo. Wewe nikukute.

MAMA: Utafika lini?

DIONISI: Boti ya kwenda Nyamisati inatoka kesho maji yakijaa. Nikishavuka nalala njiani, keshokutwa niko Ifakara.

MAMA: Mbali kweli huko mlikompeleka mwalimu wangu. Haya. Nakaa. Dari lenyewe siyo baya sana, lina mjusi.

DIONISI: Asante mama.

MAMA: Na wewe unipe ahadi. Nyamizi asijue nilitia shaka. Mwambie hakuna aliyejua, kama ng'amba wenu. Asije akamzaa mtoto huku anamwona kama deni. Umesikia? Baadaye, akishapata nguvu, Agnella amfundishe kung'oa. Taratibu tu, kama mtu anayefundisha kitu cha kawaida.

DIONISI: Nimesikia.

MAMA: Ahadi?

DIONISI: Ahadi.

MAMA: Haya, nimechoka kukaa. Agnella! Njoo uchukue simu. Mwambie Omega aende.

AGNELLA: (Kwa mbali.) Mama? Umekubali kubaki?

MAMA: Nabaki. Kaka yako anakuja, nani atampokea? Nilaze kwa ubavu. Siyo huo, huu mwingine.

(Mkwaruzo.)

AGNELLA: Kaka, umemwambiaje? Sisi tumebembeleza tangu— amekubali!

DIONISI: Nimemwambia nakuja. Agnella, akibadilika tu, macho yakiwa ya njano, akisinzia, akisema maneno yasiyoeleweka, mwite daktari hapo hapo. Usingoje.

AGNELLA: Sawa. Chaji imekuwa nyekundu, kaka. Nyamizi hapa anataka kukusalimia. Ongea naye haraka.

DIONISI: Mpe.

NYAMIZI: Shikamoo shemeji.

DIONISI: Marahaba Nyamizi. Pole.

NYAMIZI: Shemeji, mimi nisamehe. Mimi sikujua. Kwetu ule tunakula, mayu, mama yangu mzazi, alikuwa anachuma ule ule, naapa—

DIONISI: Hakuna anayekulaumu. Umesikia? Hakuna.

NYAMIZI: Shangazi Paulina kasema nje pale, mbele za watu—

DIONISI: Paulina nitaongea naye mimi nikifika. Wewe usimsikilize.

NYAMIZI: Na mama? Yeye alijua?

DIONISI: Hakujua. Ule hakuna anayeweza kuutambua. Huku kuna mnyama wa baharini ni hivyo hivyo, mzima na mbaya wanafanana.

NYAMIZI: Kweli, shemeji?

DIONISI: Kweli. Angejua, angeumwaga.

NYAMIZI: Ila kabla hajala alinitazama. Akaniuliza polepole, watu wasisikie: uliung'oa au uliukata? Nikasema niliukata, mama. Akasema sawa. Akanishika hapa tumboni. Halafu ndiyo akala.

(Mvua inapiga bati.)

NYAMIZI: Shemeji? Upo?

DIONISI: Nipo. Hakujua, Nyamizi. Alikuwa anauliza tu, mama anapenda kuulizauliza. Sasa kula. Mama mwenyewe kasema ule.

NYAMIZI: Kasema?

DIONISI: Kasema. Kuna uji umebaki?

NYAMIZI: Uko kwenye chupa.

DIONISI: Unywe wote. Kaa pembeni yake akuone unakunywa. Hilo tu, basi. Halafu mwambie nimeshaanza kufunga begi, asi—

NYAMIZI: Shemeji, inazima, inaz—

DIONISI: Nyamizi? Haloo? Mwambie anisubiri! Haloo? (Simu imekatika.) Mwambieni mama anisubiri.